Nyama Isiyohitaji Moto

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ni asubuhi ambayo hakukutokea kitu. Aabo, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja ubavuni mwa ngamia. Mguu wa pili ameukunja, unyayo ameuegemeza kwenye goti la ule aliosimamia, na juu ya paja ameweka chombo cha maziwa. Alikuwa akikama kwa mikono miwili. Ukiwa hujazoea, utadhani ataanguka. Sikumwona akianguka hata siku moja.

Ngamia kwetu hukamwa na wanaume. Mbuzi ni kazi ya wanawake. Ngamia ana chuchu nne, mbili za ndama na mbili za watu, na mtu akigusa zile za ndama husemwa mpaka aone aibu. Mama yangu, ambaye tulimwita Hooyo, alikuwa amekifukiza kile chombo kwa kijiti chenye moto, akakifunika mpaka moshi ukanywea ndani. Kwa hiyo maziwa yetu yalikuwa na ladha ya moshi, na hayakuchemshwa. Mtoto wa kwetu akipewa maziwa yasiyo na moshi huyatazama kana kwamba yamesahauliwa kitu.

Nayaeleza haya polepole kwa makusudi. Wengi wamesikia juu ya vita vya shifta, jinsi baadhi ya watu wa upande wetu walivyotaka kujitenga na Kenya wajiunge na Somalia, na jinsi serikali ilivyopeleka jeshi. Wachache wanajua tulikuwa tukila nini. Usipojua hilo hutaelewa kilichotupata. Kama hujawahi kuonja vitu hivi, usiwe na wasiwasi, nitakwenda nawe hatua kwa hatua.

Tulikuwa watu wa kuhama kati ya Liboi na mto Tana. Tulikuwa na ngamia kumi na mmoja na mbuzi wa kututosha. Mimi nilikuwa nimekaa Garissa mjini miaka miwili kwa eeddo, yaani shangazi, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai na anjera, mikate yetu laini kama chapati. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, kutoka kwa madereva, makarani na wakulima wa kandokando ya mto. Huko pia ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mtu akila samaki. Alikuwa mkulima, mpole, amemaliza kula na anataka chai. Eeddo alimpa chai hiyo katika kikombe chenye ufa kilichowekwa kando kwa ajili ya watu kama yeye.

"Amekula nyoka wa mtoni," aliniambia kwa Kisomali, huku akimtabasamia mteja.

Nilirudi kwa wazazi nikiwa na miaka kumi na mitano, na Kiswahili changu, na tabia moja niliyozaliwa nayo: mtu akiniuliza kitu, siwezi kumjibu nusu. Aabo alikuwa akinicheka. "Halimo ukimuuliza njia ya kisimani," alikuwa akisema, "atakuanzia na aliyekichimba."

Sasa nikueleze chakula kimoja zaidi, kwa sababu hiki ndicho habari yenyewe. Siku hizi kinauzwa madukani Garissa katika makopo ya plastiki na kinaitwa nyirinyiri. Unachukua nyama ya ngamia, unaikata vipande virefu vyembamba kama mikanda, unaianika juani mpaka ikakamae. Kisha unaikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, unaikaanga katika mafuta ya nundu au samli, unatia iliki na chumvi kidogo. Ikiwa tayari unaipakia chomboni na kuimwagia mafuta mpaka yaifunike kabisa. Mafuta yakiganda, hewa haiingii. Unafunga kifuniko kwa ngozi na kamba. Ndivyo tulivyohifadhi nyama katika nchi ambayo jua huozesha kila kitu kabla ya adhuhuri.

Hooyo alikuwa na mkono mzuri wa nyirinyiri. Wanawake walimwita awasaidie wakati wa harusi.

Wanajeshi walikuja mwaka wa mwisho wa vita, au ule uliotangulia wa mwisho. Mimi huhesabu kwa mvua, na mwaka ule haikunyesha. Tulikuwa tumepiga kambi siku moja na nusu kutoka mtoni. Walitumia kipaza sauti. Walisema watu wote wanahamishiwa vijiji vya ulinzi ili shifta wasipate pa kujificha wala wa kuwalisha. Mtu atakayekutwa nje ya kijiji atahesabiwa kuwa shifta.

Hooyo alianza kufungua mikeka ya nyumba. Sisi nyumba yetu huvunjwa na kupakiwa juu ya ngamia.

"Acha," Aabo alimwambia. "Hawatatuachia wa kuibeba."

Walikuwa wamekwisha kuwachukua mbuzi, na kuwakusanya ngamia upande wa bondeni.

Mlio wa kwanza nilidhani ni tairi.

Ngamia akipigwa risasi haanguki mara moja. Hupiga magoti mbele kwanza, kama anayetaka kupakiwa mzigo.

Aabo alichomoa kisu akakimbilia kulekule walikokuwa wakipiga.

Hapa msomaji asiye Mwislamu atashangaa, kwa hiyo ngoja nieleze. Mnyama akifa kwa risasi tu ni nyamafu kwetu, hatumli hata tukiwa na njaa. Lakini akikutwa bado anapumua, akachinjwa kwa jina la Mungu, nyama yake ni halali. Aabo hakukimbilia kuwaokoa ngamia. Alijua hawaokoki. Alikuwa akikimbizana na pumzi zao.

Askari mmoja alimwelekezea bunduki. Nilisikia sauti yangu ikipiga kelele kwa Kiswahili, "Anachinja! Anachinja tu, afande!"

Askari hakupiga. Wengine walicheka.

"Mzee, nyama ni nyama," mmoja alisema.

Aabo aliwahi wawili. Wa tatu alimfikia akiwa ameshakwisha. Aliusogeza mkono puani mwa yule ngamia, akangoja, akauondoa. Wale tisa waliobaki tuliwaachia tai na fisi. Majirani zetu, nyumba tano, walikuwa na ngamia wengi kuliko sisi, na hawakuwahi kumchinja hata mmoja.

Tuliruhusiwa kukata nyama mpaka lori la kutuhamisha lijae watu. Sikumbuki nikilia. Nakumbuka mikono yangu ilivyokuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko.

Kijiji cha ulinzi kilikuwa uwanja wa vumbi uliozungushiwa ua wa miiba na seng'enge, kituo cha jeshi kimekaa langoni. Tulihesabiwa asubuhi na jioni. Kutoka nje kulihitaji kibali, na kibali kilikuwa hakitolewi. Siku nne za kwanza Hooyo alianika nyama juu ya seng'enge ileile iliyotuzuia, akayeyusha nundu mbili, akakaanga. Alipata vyombo vitatu vya mbao vilivyojaa. Kimoja alinipa nikigawe kwa zile nyumba tano. Nilipita mlango hadi mlango na bakuli, asubuhi nzima. Ilikuwa ni lazima. Haikuwezekana sisi tuwe na nyama halali na wao wasiwe nayo, tena ua wenyewe mmoja.

Kisha serikali ilianza kutugawia chakula: mahindi makavu, maharagwe na unga.

Nataka uelewe kwamba watu wale hawakuwa wajinga. Wangeweza kumtambua ngamia kwa alama ya unyayo wake mchangani. Lakini maharagwe makavu hawakuwahi kuyapika. Waliyatia maji, wakayachemsha kwa muda ambao nyama ingeiva, wakawapa watoto. Unga waliukoroga katika maji ya uvuguvugu, wakanywa kama uji wa mgonjwa. Wiki nzima kijiji kilijaa watoto waliojikunja wakishika matumbo. Wanawake walianza kunong'ona kwamba chakula kimetiwa sumu. Wengine wakakimwaga.

Mimi nilikwenda langoni kuuliza.

Jiko la jeshi lilikuwa pale, turubai juu ya nguzo nne. Mpishi aliitwa Mutua, kijana mnene kidogo kutoka Ukambani, aliyevaa aproni juu ya sare. Nilimwuliza waziwazi kama maharagwe yana sumu.

"Mnayaloweka?" aliuliza.

"Kwani yamechafuka?"

Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha akaona sicheki, akaacha. Aliniketisha juu ya debe akanionyesha: mahindi na maharagwe hulowekwa tangu jana yake, maji yale yanamwagwa, yanachemshwa kwa maji mapya nusu siku mpaka punje ibonyee kati ya vidole. Unga wa ugali hautiwi katika maji ya uvuguvugu. Maji yatokote kwanza. Nilimwuliza maswali mengi. Mwishoni alisema, "Wewe utakuwa mwalimu." Tangu hapo hakuniita jina lingine.

Nilirudi nikawakusanya wanawake, nikawaeleza kwa Kisomali hatua moja moja. Watoto walipona. Nilijisikia fahari, nakiri. Nilikuwa nimepata kazi ya kufanya mahali ambapo hakuna aliyekuwa na kazi.

Nikawa napita jikoni kwa Mutua kila siku mgao ukitoka. Tulibishana juu ya vyakula kama watu wanaobishana juu ya mpira.

"Nyinyi hamli kuku kweli?"

"Kuku ni ndege. Tena anakula uchafu. Ndege unamlaje?"

"Na samaki?"

"Usiniharibie asubuhi."

"Na mimi nikikwambia kwetu mvua ikinyesha tunakula kumbikumbi? Unawakaanga, mabawa yanatoka yenyewe. Watamu kama njugu."

Niliziba mdomo kwa shela. Alifurahi sana.

"Sasa mwalimu, nani anamcheka mwenzake? Nyinyi mnakunywa maziwa yenye harufu ya jiko lililoungua. Nilionja siku moja Garissa, nikatafuta wapi nyumba inateketea."

"Ndiyo utamu wake. Na yakichacha ni matamu zaidi, ukichanganya na bosho."

"Na nini?"

"Bosho."

"Po-sho, mwalimu. Po."

"Bo."

Alikata tamaa. Nilimhadithia hayo Hooyo, naye akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuingie mle. Halafu akasema kitu ambacho ningesema mimi, au ungesema wewe ungekuwa mtu wa kwetu.

"Huyo kijana amewaponya watoto wetu. Na sisi tumempa nini?"

Kwetu mtu aliyekufaa haachwi mikono mitupu. Haijalishi amevaa nini. Hooyo alijaza bakuli kwa nyirinyiri iliyosalia katika kile chombo tulichowagawia majirani, akalifunika kwa kitambaa safi, akanituma. Aabo alikuwa ameketi palepale akisuka kamba. Aliniona nikiondoka nalo. Aliendelea kusuka. Sote watatu tuliona bakuli la shukrani.

Mutua alionja punje moja, kisha kijiko, kisha akakaa chini.

"Hii ni nini?"

"Ngamia."

"Mwalimu, hii nikimpelekea mama yangu atanifukuza nikutafute nikuoe."

"Mama yako atakula kumbikumbi akiningoja."

Alicheka. Alisema atampelekea afande aonje, maana mkubwa wao alikuwa analalamika kila siku juu ya nyama ya kopo. Nilifurahi. Nilimwambia amweleze ni ya mkono wa mama yangu.

Kesho yake, baada ya hesabu ya asubuhi, afande aliniita.

Hakuwa mtu mkali. Nimewahi kujaribu kumkumbuka akiwa mkali, ingenisaidia, lakini hakuwa. Alikuwa ameweka bakuli la Hooyo mezani, tupu, limeoshwa. Alinipa kiti. Mutua alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu.

"Nimeambiwa wewe ni mwalimu," afande alisema. "Nieleze hiki chakula. Kinatengenezwaje?"

Nilimweleza. Mikanda, jua, punje, mafuta ya nundu, iliki. Alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Aliniuliza kinadumu muda gani bila kuharibika.

"Miezi sita," nilisema. "Kikifungwa vizuri, hata zaidi kidogo."

"Na mtu akitaka kukila, lazima akipashe?"

"Hapana, afande. Ndiyo uzuri wake. Kinaliwa baridi vilevile. Mtu akibeba kikopo hiki tu anatoka Liboi anafika Wajir kwa miguu, na hajawasha moto hata mara moja."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha. Aliuliza swali, nikampa jibu kamili, na ile sehemu ya Liboi na Wajir niliiongeza mwenyewe ili aelewe vizuri.

Afande alitazama bakuli.

"Miezi mitatu," alisema taratibu, kana kwamba anajisemesha, "tunatafuta moshi. Doria zinatoka, zinatafuta moshi, zinatafuta majivu. Hakuna kitu. Watu wanakula porini na hakuna moshi."

Nilimwona Mutua akiacha kutabasamu.

"Mama yako ametengeneza vyombo vingapi?"

Nilijua kuhesabu. "Vitatu," nilisema.

Walikuja askari wanane.

Walivuta mikeka, wakamwaga unga, wakadungadunga ardhi kwa vijiti. Walipata vyombo viwili vimejaa na kimoja kitupu.

"Hiki kimekwenda wapi?"

Aabo alisimama wima. Nilimtafsiria. Alijibu kwamba kimegawanywa kwa majirani, nyumba tano, kwa sababu ngamia wao walikufa bila kuchinjwa. Nilitafsiri hivyo hivyo. Niliongeza kwamba ni mimi niliyekigawa, kwa mikono yangu.

"Waitwe hao majirani."

Waliitwa.

Nilikuwa nimesimama katikati, lugha hii upande huu na lugha ile upande ule. Afande aliuliza kila mmoja: umepokea nyama hii? Wa kwanza alitazama vile vyombo viwili chini na askari waliovizunguka. Alisema hapana. Wa pili alisema hapana. Wa tatu alisema hapana, akaongeza kwamba hajui hata ikoje. Wa nne alisema hapana.

Siwalaumu. Walikuwa wameshaona kwamba nyama ile sasa ni kosa. Tungekuwa sisi tumeitwa, sijui tungesema nini.

Wa mwisho alikuwa Ayeeyo Dahabo, yaani Bibi Dahabo, mjane mzee aliyekuwa haoni vizuri. Yeye alisema kwa sauti, "Nimepokea. Nimekula. Mungu awalipe. Waambie, mtoto, nimekula mpaka nikalamba bakuli."

Nilitafsiri kila neno.

"Wewe unamtafsiria baba yako," afande alisema. Hakuwa na hasira. "Mtu mwingine wa kutafsiri hapa ni nani?"

Hakukuwa na mtu mwingine.

Lori lilikuwa limewashwa. Walimfunga Aabo mikono mbele, siyo nyuma. Nilimfuata mpaka langoni.

Aliniuliza, "Umemweleza jinsi inavyotengenezwa?"

"Ndiyo, Aabo."

"Yote?"

"Yote."

"Na iliki?"

"Na iliki."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia habari za kisima alichokijua. "Vizuri," alisema. "Muulize huyu kama huko tunakokwenda kuna maji ya kutawadha."

Nilimwuliza askari. Askari alisema hajui. Nilimwambia Aabo kwamba hajui. Kisha lori likaondoka, na mimi nilibaki nimesimama nikifikiria kwamba ningeweza kumwambia yapo.

Alasiri ile Mutua alikuja nyumbani kwetu. Hakuwa na aproni. Alikuwa amebeba gunia la unga begani, akaliweka karibu na mlango, akalifungua. Ndani ya unga kulikuwa na chombo kimoja kati ya vile viwili walivyochukua askari, ngozi yake na kamba yake vilevile.

"Mama," alimwambia Hooyo kwa Kiswahili, ingawa alijua haelewi, "hiki ni chenu. Sijakigusa."

Hooyo alinitazama nitafsiri. Sikutafsiri. Hakukuwa na haja.

 Siku ya mgao Mutua alinipimia maharagwe akitazama mizani. Baada ya majuma mawili alihamishwa, akaja mpishi mwingine. Sijui kama ana hatia. Nimelifikiria sana swali hilo, na kila nikilifikiria huishia palepale: alionja chakula, akakipenda, akamwonjesha mwenzake. Mimi niliulizwa, nikajibu. Hooyo alishukuru. Nikiyapanga mambo haya moja moja kama ninavyowapangia wanafunzi, sioni pa kuweka alama ya kosa. Lakini jumla yake ni baba yangu.

Chombo kile Hooyo hakukifungua. Alikitundika kwenye nguzo ya ndani, juu ya mahali Aabo alipokuwa akilala. Watoto wa kijiji walikuwa na njaa, mimi nilikuwa na njaa, mgao ulikuwa ukipungua. Tulikula mahindi na maharagwe tukikitazama.

"Ni cha safari," Hooyo alisema nilipomwuliza. "Atarudi amechoka."

Nilikuwa nimekwisha kumwambia afande miezi sita. Hooyo pia alijua ni miezi sita, alijua kabla sijazaliwa. Ilipita.  Mvua ikanyesha, ikapita nyingine. Tukasikia viongozi wamepatana, vita vimekwisha. Seng'enge ikaondolewa siku moja bila maelezo, na watu wakabaki ndani ya alama yake kwa muda, kwa sababu nje hakukuwa na mnyama wa kumfuata.

Malori yalirudisha baadhi ya waliochukuliwa. Tulikwenda kuyapokea Garissa. La kwanza, la pili. Katika la tatu alikuwepo mtu wa Griftu aliyesema alikaa chumba kimoja na mzee aliyekuwa akiomba maji ya kutawadha, kisha akahamishwa, na hakumwona tena. Hakujua jina lake. Hakujua alipelekwa wapi. Hooyo alimshukuru, akampa chai.

Niseme jambo moja la dini yetu, kisha nimalize. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hukaa ndani, hajipambi, haolewi. Lakini eda haihesabiwi bila habari ya kifo. Hooyo hakuwa na habari. Alikuwa na swali tu, na swali halina siku ya kuanza kuhesabiwa. Masheikh walimwambia angoje, na alingoja. Hakuwa mke wa mtu wala mjane.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja baada ya swala, alikishusha kile chombo. Alikaa nacho chini akaanza kufungua kamba, fundo moja baada ya jingine, bila kukata. Nilikaa karibu naye. Alipoinua kifuniko, mafuta ya juu yalikuwa yamegeuka rangi ya majani, na harufu ilitoka ikajaa nyumba. Aliingiza kidole mpaka chini, akakitoa, akakinusa. Alitaka kuwa na hakika.

"Imeharibika," alisema.

"Ndiyo, Hooyo."

Alitoka nacho akaenda mbali, kule walikokuwa wakitupa majivu, akakimwaga na kukifukia. Alirudi, akakiosha, akakifukiza kwa kijiti chenye moto kama kawaida, akakianika juani. Kisha aliingia ndani, akavua bangili zake mbili za fedha na kuzikunja katika kitambaa.

"Leo ni tarehe ngapi?" aliniuliza.

Nilimwambia. Siku hiyo ndiyo aliyoanzia kuhesabu.

Mimi nimefundisha shule za msingi Garissa, Liboi na Eldas mpaka nikastaafu. Nimewaeleza watoto mambo mengi, nao walikuwa wasikivu, na kazi hiyo niliipenda. Hooyo aliishi mpaka akawa mpishi hodari wa mahindi na maharagwe kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, aliloweka tangu jana yake bila kukosa, lakini nyirinyiri hakuitengeneza tena. Mimi ninaitengeneza. Vyakula vya watu havina hatia, na mkono wa mama yangu nisingependa upotee. Majirani zangu siku hizi ni walimu wageni kutoka bara. Mmoja wao, binti mchangamfu, nilimpa bakuli juzi baada ya kuniletea mboga. Alionja, akafumba macho.

"Mama Halimo, hii inakaa muda gani?"

Ni swali zuri. Kila mgeni huliuliza. Nilimwambia ukweli, miezi sita, halafu nikamweleza kuhusu mafuta, ngozi na kamba, na iliki.

Hapo niliishia. Juu ya safari na moto sikuongeza.